Kidonda Chini ya Hina

Malindi, Jumamosi, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda Mambrui kuwaaga watu, nami nimeachwa na amri ileile ya kila siku: nikae, mguu juu ya mto, nisisimame. Nimekaa. Kisha nikasimama kufunga dirisha, nikarudi kukaa, nikasimama tena kulifungua. Sasa nimeona afadhali niupe mkono kazi, labda miguu itatulia. Ndiyo maana namwandikia barua mtu ninayelala naye nyumba moja.

Mambo ya safari sitayaandika. Baba yako amekwisha kukueleza habari za basi, na sweta, na baridi ya Nyeri, na kwamba usile kitu usichojua kimepikwa wapi. Amekueleza mpaka Jumatano ukamwambia, "Baba, nakwenda kusomea uuguzi, siendi vitani." Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nikacheka. Nikacheka, kisha machozi yakanitoka, nikasingizia moshi, na jiko lenyewe lilikuwa halijawashwa. Sijui kama uliliona hilo. Huwa unaona mambo mengi na kuyanyamazia.

Nataka kukuandikia habari za mguu huu. Utasema unaujua kuliko mimi, na ni kweli, kwani tangu umalize shule wewe ndiye unayeuosha na kuufunga kila asubuhi. Lakini habari zake umezipata nusunusu. Nyingine zilitokea ukiwa bweni, nyingine zimo ndani yangu na hazijapata kutoka. Na ukiondoka na hizo nusu, nachelea utakaa huko Nyeri ukiwaza vibaya. Au hutaondoka kabisa.

Nilikusikia Alhamisi. Baba yako alikuwa amefika kutoka kazini Bofa, hata viatu hajavua, ukamfuata barazani ukidhani nimelala.

"Baba, mimi siendi. Waambie nafasi wampe mwingine."

"Mwingine nani? Jina lililoandikwa ni lako."

"Mama atafungwa na nani?"

Baba yako, anayepika katika hoteli na kumjibu kila Mtaliano anayelalamikia chumvi, alianza kuvua viatu. Nilisikia kimoja kikianguka, kisha, baada ya muda, cha pili. Jumatatu mnatakiwa chuoni, na asiyefika nafasi yake inakwenda. Tangu usiku ule hujasema ndiyo wala hapana. Umefua nguo zako, umezipiga pasi, umewaaga watu, lakini unafanya hayo yote kama mtu anayemfanyia mwenzake.

Jana mamkubwa wako Mwanaisha alikuja, na kama unavyomjua dada yangu, hakungoja kahawa.

"Mwanao ana akili kuwashinda nyote wawili," akaniambia. "Mtoto wa kike aende bara akawaoshe vidonda watu asiowajua, na mamake yuko hapa mguu unaoza?"

"Hauozi, dada."

"Basi unafanya nini huo? Unaiva?"

Nikacheka, maana ukimjibu dada yangu kwa hasira unampa kuni. Lakini alipoondoka nilibaki sitaki kuketi wala kusimama. Kwa sababu neno lake lilikuwa neno langu, Zuhura. Ile Alhamisi nilipokusikia ukisema hutakwenda, moyo wangu ulifurahi kabla sijauzuia. Nilijiona nimelala pale gizani natabasamu. Kisha nikaogopa.

Sasa ngoja nianze mwanzo. Mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa akituambia tuandike tulichokiona, tusiandike tulichotaka kionekane. Nitajaribu.

Ilikuwa harusi ya Salama, binti wa mamkubwa wako, kule Mambrui. Wewe ulikuwa na mtihani. Wanawake tulijaa ndani, miguu tumeinyoosha, na Bi Rehema, yule mpaka hina, akipita na bakuli lake. Unaijua desturi ya nyumba yetu: hina ikishaanza kukauka, mwanamke anainua nyayo zake juu ya chetezo chenye makaa na karafuu ili rangi ishike. Anayeuvumilia moto zaidi ndiye anayetoka na rangi nzuri zaidi. Basi ikawa mchezo. Mmoja aliweka nyayo, akapiga ukelele, akaziondoa, wenzake wakamzomea: "Ndiwe uliyezaa pacha?" Wa pili naye akaruka, karibu aangushe chetezo. Ikafika zamu yangu.

Niliweka nyayo zangu pale nikangoja moto uniume niziondoe. Haukuniuma. Nikangoja. Bi Rehema akaongeza karafuu, moshi ukapanda, wanawake wakaanza kupiga makofi.

"Mtazameni mke wa mpishi!" akasema Bi Rehema. "Huyu amezoea jiko."

"Jiko ni la mumewe," mamkubwa wako akajibu. "Yeye amezoea kula."

Wakacheka wote, nami nikacheka nao, na nyayo zangu ziko juu ya makaa. Nilijiona shujaa, mwanangu. Tangu nimeolewa sikuwahi kupigiwa makofi kwa jambo lolote, na siku ile nilipigiwa. Rangi ilitoka nyeusi tititi. Wanawake waliinama mmoja mmoja kuitazama, na mama wa bwana harusi akauliza hina ile imetoka wapi.

Hakuna aliyejua, na mimi ni wa kwanza, kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umeingia mwilini mwangu kitambo, tena umekwisha kuzifisha nyayo zangu. Nilikuwa nikinywa maji mengi, nikaamka usiku mara kwa mara, nikasema ni joto. Viatu vilikuwa vikinitoka njiani bila kujua, nikasema ni vikuukuu. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Na ule weusi ambao watu waliusifu ulikuwa umefunika malengelenge. Nilipoosha miguu nikaona ngozi chini ya kidole gumba imelegea na inateleza, nikasema hina haijakauka sawasawa. Nikarudi Malindi nikitembea juu yake.

Nimesimama kidogo. Nilidhani nimesikia mlango. Ni mbuzi wa jirani anajikuna ukutani. Nimerudi.

Baada ya hapo yalifuata yale ambayo kila nyumba yetu ingeyafanya. Nilifungua vidonge vya rangi mbili nikamwaga unga wake kidondani. Jirani akaniletea majani yaliyotwangwa, mwingine akaniambia maji ya bahari yanakausha, basi alfajiri nikawa nateremka pwani nachovya mguu, kisha natembea mchangani kurudi nyumbani, pekupeku, juu ya kidonda kilekile nilichokwenda kukitibu. Kikakauka juu, kikafanya ukoko kama wa wali, nikashukuru. Na chini ya ukoko kilikuwa kikichimba. Ukoko ulipotoka, shimo lilikuwa kubwa kuliko mwanzo. Nikaanza upya: vidonge, majani, bahari.

Sikumwonyesha mtu. Bibi yako alitulea tukiamini kidonda hakianikwi mbele za watu, kwa kuwa kila jicho linaacha kitu juu yake. Lakini nisimsingizie marehemu. Nilikificha kwa sababu kilikuwa kimeanza kunuka. Nilifukiza udi asubuhi na jioni mpaka baba yako akauliza kama kuna posa aliyofichwa.

Kisha ukaja wewe, shule zimefungwa. Ukaingia, ukanipa shikamoo, ukanibusu mkono, ukasimama palepale.

"Mama, udi wa nini?"

"Wa kukupokea wewe."

"Na hicho kilicho chini ya udi?"

Nikaurudisha mguu nyuma. Ukapiga magoti ukaniinua mguu kabla sijakuzuia, ukafungua kile kitambaa cha kanga. Hukuziba pua. Nilikuwa nikikutazama usoni kuliko nilivyowahi kumtazama mtu, nikingoja uzibe pua, na hukuziba. Ukasema tu, "Kesho tunakwenda Kilifi." Kama wewe ndiye uliyenizaa.

Ile kliniki ya vidonda unaikumbuka. Lakini ulikuwa umeingia ofisini kuandikisha jina langu, hukusikia nilivyopokewa kwenye lile benchi. Palikuwa na mgema wa Kaloleni aliyeanguka mnazini, na bibi mmoja wa Rabai ambaye kidonda chake, alisema, kina umri wa mjukuu wake na mjukuu ameanza shule. Mgema akanisogezea nafasi. "Karibu, mama. Hapa hatuulizani jina. Tunaulizana mguu gani." Nikamwambia wa kulia. "Aa," akasema, "sisi wa kushoto hatuna baraza moja na nyinyi, lakini kaa." Nilikuwa sijacheka tangu harusi. Nilikaa katikati ya watu waliokuwa na harufu yangu, na hakuna aliyefukiza kitu.

Sista Kadzo aliponiita, kitu cha kwanza hakikuwa dawa. Aliniambia nifumbe macho.

"Nikikugusa unyayo, sema 'hapo'."

Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia watu wakipita ukumbini, nikasikia wewe ukipumua kando yangu. Nikangoja tena, mwishowe nikaona anapoteza wakati.

"Sista, mbona huanzi?"

Akakwambia wewe, kwa sauti ya chini, "Umeona?" Nikafumbua macho. Kalamu yake ilikuwa imekandamiza unyayo wangu, imeacha alama, na wewe umejifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa akinigusa muda wote ule.

Zuhura, niliogopa siku ile kuliko siku ya kukuzaa. Kuona mguu wangu mwenyewe umeacha kunipa habari, uko kule chini kama mguu wa mtu mwingine nilioshonewa. Akauchukua ule mkasi na kisu chake, akaanza kukata nyama iliyokufa pembezoni mwa kidonda, na mimi nilikuwa nikiongea na mgema kupitia pazia juu ya bei ya makuti, huku kisu kimo ndani ya mwili wangu.

Nikauliza, "Sista, utanipaka dawa gani?"

"Dawa ya kidonda hiki ni kutokikanyaga."

"Na ya kupaka?"

"Nitakiosha kwa maji safi ya chumvi, nitakifunga, na sukari tutaishusha kwa vidonge na chakula. Lakini mama, ukiwa na mtoto amelala, utamkanyaga kila asubuhi ili ujue kama amekua?"

"La."

"Basi."

Hakuuliza kwa nini nimechelewa. Nilikuwa nimetayarisha majibu njia nzima, ya uongo na ya kweli, na hakuyataka. Ukivaa nguo hizo za uuguzi, utawaona wengi wakifika wamechelewa, wamejifunika, wana maneno yao mdomoni tayari. Sikufundishi kazi. Nakwambia tu ilivyokuwa kukaa kwenye kiti kile na kutoulizwa.

Tena utamkuta mtu ametulia kabisa, anakwambia haumwi na kitu. Mtazame huyo kabla ya anayelia. Mimi nilikuwa mtulivu kuliko watu wote wa benchi lile.

Sasa nafika kwenye plasta, na hapa ndipo sijawahi kukueleza sawasawa. Uliporudi shule walinifunga mguu kwa plasta ngumu, toka vidole mpaka chini ya goti, ili uzito wangu usiangukie mahali pamoja, kidonda kipate kupumzika. Sista akaniambia neno moja tu: isiloe. Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli. Nikarudi nyumbani, ikafika adhuhuri, nikasimama mbele ya ndoo.

Najua dini yangu inasemaje. Nilifundishwa katika chuo cha Kurani nikiwa mdogo, kabla hata sijajua kusoma herufi hizi: mwenye kufungwa kiungo hupangusa tu juu yake kwa mkono wenye maji, na sala yake ni kamili. Nilijua. Na nikachukua kopo nikamimina maji juu ya plasta kama ninavyomimina juu ya mguu mzima. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, alfajiri. Niliona kupangusa ni njia ya wavivu. Niliona nikipata taabu kidogo Mungu atanitazama vizuri zaidi.

Plasta ikalainika, ikawa kama andazi lililotiwa chai. Ndani yake ngozi ikaloa ikavimba. Na kwa kuwa sikuhisi kitu, nilikuwa natembea nayo sokoni, nakwenda matangani, nakwenda kumpa pole huyu na hongera yule, nikiamini kitu kigumu kama kile hakiwezi kudhurika.

Ulikuja likizo ukanipeleka Kilifi wakaifungua. Unakumbuka uso wa Sista Kadzo. Akauliza, "Plasta hii imepata wapi maji, mama? Umevuka mto wa Sabaki kwa miguu?"

"Nimetia udhu."

Akaiweka ile plasta kando. Kisha akasema taratibu, "Lakini wazee wa Kiislamu wanaokuja hapa wanapangusa tu. Wameniambia inaruhusiwa."

Basi nikakaa pale, binti wa Mambrui, nikikumbushwa udhu wangu na Mkristo wa Kigiriama, nikamjibu tu, "Ni kweli."

Ndipo alipoingia yule daktari wa mifupa anayekuja kutoka Mombasa. Alizungumza akikutazama wewe, si mimi, na labda alifanya vizuri. "Mfupa bado mzima. Lakini kikirudi tena katika hali hii, tutakata chini ya goti kabla hakijapanda." Njiani kurudi ulikuwa umenishika kiwiko, na ulinishika kwa nguvu mpaka mkono ukaniuma, na nikafurahi kwamba bado kuna mahali kwangu panapouma.

Nimekaa nikifikiri kwa muda mrefu makosa haya mawili yanafanana wapi, la chetezo na la kopo. Siku ya harusi hakuna aliyenitaka nivumilie. Wenzangu waliondoa nyayo zao wakacheka, na rangi zao zilitosha. Siku za plasta Mungu hakunitaka nimimine maji. Mara zote mbili nilizidisha kitu ambacho sikuombwa, nikaona kuzidisha ndiko kupenda, na aliyelipa ni mguu. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikiwa na wageni wawili napika kwa ajili ya kumi. Mtu akiniambia "pole" nasimama kumwonyesha kwamba sina pole. Sijui kukaa. Hata sasa kalamu hii naishika kama mwiko.

Na nakuona wewe, mwanangu, umeirithi tabia hii. Hukurithi ya baba yako, ambaye akiambiwa inatosha anaamini. Umerithi yangu. Alhamisi ulipomwambia baba yako kwamba hutakwenda, nilisikia sauti yangu mwenyewe juu ya chetezo. Hakuna aliyekuomba. Mimi sikukuomba, baba yako hakukuomba. Sista Kadzo mwenyewe ndiye aliyekuandikia yale maneno mazuri yaliyokupatia nafasi; aliniambia mikono yako ina subira ambayo yeye aliifanyia kazi miaka. Mamkubwa wako pekee ndiye aliyeomba, naye ameomba kwa sababu anaogopa yeye ndiye atakayeitwa kunifunga.

Nataka kuwa mkweli mpaka mwisho. Sijui kidonda hiki kitafunga. Mwezi ujao daktari atakitazama tena, na anaweza kusema mguu ubaki, na anaweza kusema vingine. Ikiwa vingine, utakuwa Nyeri, na utaandikiwa siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, bila kufichwa. Sitafukiza udi juu ya barua. Lakini ukibaki, Zuhura, ukae hapa mwaka mzima unaniosha mguu, na bado wakaukata, nitakuwa nimepoteza mguu na nafasi yako pamoja. Na ukibaki na kikapona, itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila nitakaposimama juu ya mguu huu nitajua nimesimama juu ya nini.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka chumbani kwako nikagusa nguo zako juu ya kitanda, nikarudi. Jua limeteremka, mtakuwa mnatoka Mambrui sasa hivi. Ngoja niandike upesi lile ambalo kwa hakika ndilo lililonikalisha hapa.

Hujui jambo hili. Kila asubuhi unapofungua bandeji nageukia ukutani, na unadhani naona haya. Unanihadithia mambo ya shule ili nisione haya. Si haya. Nimekuwa nikiogopa kukitazama. Tangu siku ile Kilifi walipofungua plasta sijakitazama hata mara moja. Nimekuachia wewe macho yangu. Kidonda kimo mwilini mwangu, na wewe peke yako ndiye unayejua kinafananaje.

Mlipotoka leo nilichukua kioo cha baba yako cha kunyolea, nikakiegemeza kwenye kigoda sakafuni. Nikaosha mikono kwa sabuni kama unavyoosha wewe, mpaka karibu na viwiko. Nikapanga vitu vyako juu ya kile kitambaa safi. Nikakaa, nikaupandisha mguu juu ya goti la pili kadiri unavyokubali kupanda, na nikafungua. Nilifika kwenye pamba ya mwisho nikasimamisha mkono. Nilisema bismillahi, nikasema tena, nikaona hata hizo nazizidisha. Nikaiondoa.

Mwanangu, ni kidogo. Nilikuwa nikiota shimo linaloingia mkono, na nimekuta kitu cha ukubwa wa kifungo cha kanzu. Ndani ni chekundu, chekundu kibichi, na ukingoni kote pana ngozi changa nyembamba kama utando unaokaa juu ya maziwa yakipoa. Nilikitazama kiooni mpaka pumzi yangu ikafunika kioo, nikakipangusa nikatazama tena. Hii ni kazi yako. Umeifanya asubuhi baada ya asubuhi na mwenye mguu amekupa kisogo.

Nikakiosha. Maji ya chumvi mengine yalikwenda kidondani, mengine yalikwenda sakafuni. Kipande cha kwanza cha pamba kilinianguka, nikakumbuka unavyofanya, sikukiokota, nikachukua kingine. Kisha nikafunga. Bandeji imejikunja kisiginoni, na fundo limekaa upande kama kilemba cha mlevi. Nimejaribu kulivuta, halivutiki. Lakini nimeingiza kidole chini yake kama alivyotufundisha Sista, halikubana.

Nasikia sauti ya baba yako mtaani, anamsalimu mtu kwa muda mrefu kama kawaida yake. Barua hii nitaitia katika mkoba wako usiku, lakini moyo hautulii, nadhani nitakupa mkononi ukishasali, uisome nikiwa nakutazama.

Kesho alfajiri usije na beseni. Fundo utaliona, na mikono yako itataka kulinyoosha. Liache lilivyo. Njoo umeshika sanduku lako, nikupe mkono wa kuaga, nikiwa nimekaa, mguu juu ya mto.

Mama yako anayekupenda